Beti Lililokatwa

Shela, Malindi
12 Januari 1986

Bwana Mwaura,

Salaam. Hunijui nami sikujui, ila jina lako nimelikuta limegongwa muhuri wa zambarau kwenye kanda niliyonunua sokoni: Mwaura Redio, Gede. Chini yake kuna maneno ya kalamu yaliyofutika, nikasoma "Bi" peke yake.

Nilikwenda kununua nazi. Muuza kanda kuukuu alikuwa akijaribu redio yake, akatia hii, ikatoka sauti ya mwanamke. Hapana udi wala zeze, ni pembe ya nyati inagongwa na yeye anaimba, mashairi ya kujibizana kama tuliyokuwa tukiimba kwenye vugo, ngoma yetu ya kina mama ya arusini, ila hapana anayemjibu. Wauza samaki walinyamaza, na ukiona wauza samaki wa Malindi wamenyamaza ujue kuna jambo. Mimi nazi zilinianguka, moja ikapasuka, nikailipa bila kuteta, jambo ambalo mwenye nazi hajawahi kuliona kwangu.

Nimeisikiliza siku nane. Nataka unijibu haya. Aliimba lini? Yuko wapi? Yu hai? Na mbona wimbo wa mwisho upande wa pili unakatika? Anaanza beti, "Kaditama namaliza," kisha kanda inalia ta, inaingia kwaya ya kanisa. Sina ugomvi na kwaya, lakini nataka lile beti.

Sina nia mbaya. Ni mpenzi wa nyimbo za zamani tu, na umri huu mtu hujisumbua kwa mambo madogo. Nimetia stempu ya kujibia.

Wako,
Hafidha

*

Gede
20 Januari 1986

Kwa Mama Hafidha,

Nimepata barua yako na nimefurahi sana. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, umeme unapotea mara kwa mara lakini tumezoea.

Mwimbaji anaitwa Jaha. Alikuja hapa dukani mwaka 1981 na pembe mbili ndani ya kikapu na msichana wake wa miaka kumi na mitatu, Kabibi. Aliniambia zamani Malindi alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama ambao wanaimbiana maneno makali harusini, kikundi hiki na kile, kama mabondia, na hakuna aliyekuwa anamshinda. Halafu akaacha. Alitaka kutengeneza kanda moja kwa pesa zake. Nilimwuliza kwa nini asiimbe tu mbele ya watu, akasema mbele ya watu ndipo alipoumizwa.

Tulirekodi Jumapili kwa sababu kinu cha posho hakisagi siku hiyo. Nilitundika mablanketi ukutani. Msichana aligonga pembe, mama akaimba, na mimi nilitoka jasho kama niliyekuwa napigwa. Mama, mimi sielewi mafumbo yenu yote, lakini nilijua nimeshika kitu kikubwa. Basi hakikuuzwa. Tulitoa kanda arobaini, zikaenda kumi na moja, nyingine nikazitumia tena.

Ajabu ni kwamba wewe ni mtu wa nne kuniuliza mwezi huu. Mmoja ametoka Mambrui. Nimeanza kuinakili tena na safari hii nitaipeleka mpaka Mombasa. Jaha yuko Kikambala, anafua mashuka katika hoteli moja ya pwani. Nitampelekea habari. Atafurahi kujua ana mpenzi kama wewe.

Wako katika kazi,
Mwaura

*

Shela, Malindi
2 Februari 1986

Bwana Mwaura,

Ahsante. Kumbe yu hai. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Ila umenijibu yote usinijibu nililokuuliza. Lile beti liko wapi? Bwana Mwaura, kwetu shairi halikatwi mwisho. Beti la mwisho ndimo mtunzi anamojitaja jina, na ndimo anamoweka neno alilotaka kulisema tangu mwanzo. Mengine yote ni njia ya kufikia hapo. Kanda yako umeiuza haina kichwa.

Na kama utakwenda Kikambala, niulizie kwa upole. Je, aliwahi kumtaja aliyemuumiza? Anamtajaje? Na huyo binti, hajambo? Wanapendana na mamake? Usiseme nimeuliza mimi.

Hafidha

*

Gede
2 Machi 1986

Mama Hafidha,

Umenitia aibu na ni haki yangu. Niliikata mimi. Dakika za mwisho za upande wa pili nilikuwa nimeziwekea kwaya yetu, na beti moja likabaki nje. Nilifikiri ni jina lake na salamu tu, kama vile mtu anavyomaliza barua. Nilikuwa nimetoka Murang'a miaka miwili tu, mambo ya kaditama hakuna aliyenifundisha. Sikumwambia. Na kanda ya kwanza kabisa, ile yenye yote, nilirekodia kwaya yetu. Niliimba sauti ya besi humo na sasa sitaki hata kuisikia.

Nilikwenda Kikambala Jumamosi nikamweleza. Nilitarajia anigombeze. Alikuwa anakunja shuka, akaendelea mpaka likawa dogo kama kitabu, halafu akasema: "Basi hakulisikia."

Nikamwambia ni kweli, watu hawakulisikia, nikaomba msamaha tena. Akanitazama kama mtu ambaye nimemjibu swali lingine. Kuhusu aliyemuumiza sikuthubutu. Binti ni mzuri, ana adabu, anaolewa karibuni. Wanapendana, hilo hata kipofu angeliona.

Nimemwambia kuna mama mmoja mwema Malindi aliyegundua kosa langu. Amekuandikia, barua yake iko ndani ya hii.

Mwaura

*

Kikambala
1 Machi 1986

Kwa Bibi Hafidha,

Baada ya kukuamkia, nakujulisha kwamba sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu kwa chumvi na maji.

Bwana Mwaura amenisomea sifa ulizonimwagia nikaona haya. Mimi niliimba kwa sababu nilikuwa na neno moja la kumwambia mtu mmoja, na mdomo wangu haujui kusema neno bila vina. Nilipeleka kanda Malindi kwa mkono wa mtu, nikajua ataletewa tu, mji wetu haufichi kitu. Miaka mitano nimehesabu kwamba amesikia akanyamaza. Nilimweka katika watu waliokufa. Sasa naambiwa beti lenyewe halikuwamo, na sijui nicheke au nilie.

Kama Harusi binti Fumo yungali hai, yule aliyekuwa akiongoza kikundi cha Marashi, nitafurahi kujua. Usimwambie zaidi ya hayo. Lililomo katika beti nitamwimbia mwenyewe akija. Barua si mahali pake.

Jambo jingine. Binti yangu Kabibi anaolewa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Huku hakuna ajuaye vugo, wanagonga madebe. Kama unamjua mtu wa kwetu anayeweza kuongoza, nitafutie. Sitaki mwanangu atoke nyumbani kimya kama maiti.

Wako,
Jaha

*

Shela, Malindi
9 Machi 1986

Jaha,

Hafidha ni dada yangu, naye hajui kwamba nimeliazima jina lake. Mimi ni Harusi. Niko hai, kama ulivyotaka kujua.

Hati yako ilinishangaza, imenyooka kama ya karani. Wakati wetu chuoni tulijua hati za Kiarabu tu. Mimi hizi za Kizungu nimejifunza uzeeni, ngumbaru, nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yakigonga kidevu. Nikasema kumbe na Jaha alikwenda. Tumekuwa tukifanya mambo sawasawa siku zote, hata tulipokuwa mbalimbali.

Umesema barua si mahali pake. Lakini nikija mlangoni kwako mdomo utafunga, najijua. Kwa hiyo nasema sasa, na nasema wazi, bila kuku wala kifaranga.

Sheria zetu ulikuwa ukizijua kuliko mimi. Uwanjani Marashi yangu na Zafarani yako wanachuniana ngozi, na asubuhi yake viongozi wawili wanakula sinia moja mpaka uchungu uishe. Imba mume wa mtu, imba pua yake, imba mchuzi wake uliochacha. Mtoto haimbwi. Mwaka ule wa 1977 ulikuwa umenishika pabaya. Ulimwimba mume wangu aliyehamia kwa mke mdogo, ukaimba mpaka viatu alivyoviacha, wanawake wakacheka mpaka wa kikundi changu. Nilikuwa sina kitu mkononi. Nilikuwa na siri yako tu.

Nikaimba:

Kuku huyu alalia, yai lisilo la ndani,
Kifaranga atwambia, kuwa ni wake tumboni,
Mwenyewe nashuhudia, kaja mwangu mikononi,
Mzazi alijifia, mlezi yu uwanjani.

Kila mmoja akakutazama wewe. Mimi nilimtazama Kabibi, miaka tisa, amekaa mbele kabisa, mkononi ameshika halua. Hakuila wala hakuitupa. Wewe ukaweka pembe chini, ukamshika mkono, ukaondoka, na wiki haikuisha mkawa mmehama na mumeo amekupa talaka. Kesho yake asubuhi nilipika. Niliandaa sinia nikakaa nalo mpaka inzi wakanipa pole.

Miaka tisa nimejitetea kwa neno moja: kwamba Harusi binti Fumo hajawahi kuimba uongo. Malindi nzima inanijua hivyo. Wakigombana huja kwangu niwaambie kweli. Na ni kweli niliimba. Mwanao alizaliwa hajavuta pumzi, na usiku huohuo kule kijijini Ganda yule msichana maskini akafa uzazini akamwacha mchanga hana mtu. Nani alimfunga kichanga kwa leso yake akakuletea? Mimi. Nani aliapa? Mimi. Kweli yenyewe haikuwa yangu kuisema, ulinipa nikuwekee, nami nikaitoa ili wanawake waache kunicheka. Sina jina la kitendo hicho. Natamani ningekuwa nimesema uongo, ungekuwa umenisamehe zamani.

Sitaki unisamehe kwa barua. Nataka ujue kwamba najua. Kama utaniruhusu, nitakuja kuongoza vugo la Kabibi, nitembee nyuma ya watu wote, hata mbuzi watangulie.

Harusi

*

Kikambala
21 Machi 1986

Mama Harusi, shikamoo.

Nakuandikia mimi, Kabibi. Mama hajui kama naandika, yuko kazini.

Hati iliyonyooka kama ya karani ni yangu. Mama hakwenda ngumbaru. Barua zake zote huandika mimi, na zinazokuja husoma mimi, kwa sauti, yeye akipepeta mchele. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi huku, nami nafikiri kwenu pia, ila umesahau kwa sababu sasa unasoma mwenyewe.

Nilianza kuisoma yako kama nisomavyo zote. Aliposikia "Mimi ni Harusi" ungo ukasimama. Nikaendelea mpaka nilipofika "Mtoto haimbwi". Jicho langu likatangulia mstari, likaona yaliyokuwa yanakuja. Nikanyamaza. Akauliza, "Mbona?" Nikasema wino umeingia maji. Kisha nikasoma maneno ambayo hukuyaandika. Nilisoma kwamba umeisikia kanda, kwamba unaumwa na yaliyopita, na kwamba utaandika tena. Akasema, "Soma tena pale pa niko hai." Nikasoma mara tatu.

Siku ile ya 1977, njiani, mama aliniinamia akaniambia, "Ni uongo. Mwanamke akishindwa huzua." Hajarudia tena mpaka leo, nami sijamwuliza. Lakini nilikuwa na miaka tisa, si mitatu. Nilimwona baba anavyonitazama siku ile na siku iliyofuata. Nilijua. Nilijua pia kwamba mama alihitaji niamini, basi nikaamini kwa sauti kubwa. Tumeishi hivyo, yeye akinificha na mimi nikimficha kwamba nimeona. Nilichokuwa sijui ni Ganda. Sikujua kuna msichana alikufa. Hilo umeniambia wewe, Mama Harusi. Ni mara ya pili unaniambia jambo ambalo mama hakutaka nilisikie.

Sikukasirika sana, au labda nilikasirika, siku ile nilifua leso zote za nyumba.

Lile beti lililokatwa ninalo. Mimi ndiye niliyekuwa nikigonga pembe, na pembe haisahau. Ni hili:

Kaditama namaliza, Jaha ndimi mtungaji,
Harusi nakusikiza, sina kwako uhitaji,
Ila neno kugeuza, ulonena kwenye mji,
Uongo ukitangaza, rudi unywe yangu maji.

Umeona alilotaka? Hakutaka ukiri. Alitaka useme kwamba ulizua. Aliuza cherehani yake kupata kanda ile ili akuombe jambo moja, nalo ndilo ambalo barua yako ililikataa ukurasa mzima.

Kuna jingine. Tangu kanda ianze kuzunguka tena watu wanaulizana kwa nini yule mwimbaji aliacha, na wanaokumbuka wanakumbushana. Imefika Kikambala. Wiki iliyopita shangazi wa mchumba wangu Mahadhi alimwuliza mama juu ya uzazi wangu, kwa tabasamu. Mahadhi mwenyewe anajua, nilimwambia mimi zamani, hana neno. Lakini mama tangu siku hiyo hali vizuri.

Kwa hiyo njoo. Usitembee nyuma, tembea mbele, shangazi zake wakuone. Useme pale uwanjani, kwa vina, na jina lako ulitaje. Na kabla hujaja mwandikie mama barua nyingine. Kumbuka nitaisoma mimi, kwa sauti, na safari hii sitaki kuruka mstari.

Hii yako ya kwanza nimeichoma. Ganda nimeiweka.

Kabibi binti Jaha

*

Shela, Malindi
30 Machi 1986

Jaha mwenzangu,

Pokea salamu, na anayekusomea barua hii namsalimu yeye kwanza, kwa kuwa sauti yake ndiyo inayonileta kwako.

Barua yangu ya kwanza iliingia maji, nasikia. Haikuwa na kitu. Nilikuwa nimeamka vibaya.

Beti lako nimelipata. Usiulize kwa nani, mji wetu haufichi kitu. Lilichelewa miaka mitano na kosa si langu wala lako, ni la kwaya. Bwana Mwaura ameapa atalirekodi upya na kulirudisha mahali pake, na amesema atagharamia mwenyewe. Nimemwambia asubiri mpaka baada ya arusi, kwa sababu kutakuwa na beti jingine la kuliandamia, langu.

Mwezi wa Shaabani nitakuja na wanawake kumi na wawili na pembe zetu. Waliobaki wa Marashi ni saba, na watano wa Zafarani wamekubali kutembea nami, baada ya kunitukana kwanza, na nimewaacha wamalize. Nitatangulia mbele. Nikifika penye shangazi za bwana arusi nitasimama, nitajitaja jina, Harusi binti Fumo wa Malindi, na nitaimba kwa vina hili ninaloliandika hapa chini bila vina, ili ulisikie wewe kabla yao.

Kesho yake asubuhi pika. Nitaleta sinia mimi, lile la siku ile, nimelisugua.

Kabibi ni wako. Ulimzaa wewe, nami nilikuwapo chumbani nikimsikia alivyolia. Mwaka 1977 nilikuwa nashindwa, nikazua.

Nilisema uongo, Jaha.

Harusi binti Fumo